Mtaalamu atakuta kikundi kimeshaanza

Safari ya mzazi wa mtoto mwenye usonji katika miji na vijiji vyetu inajulikana hatua kwa hatua hata kabla hajaianza. Mtoto akifika miaka miwili hajasema neno, ndugu humtuliza mama: atasema tu, hata baba yake alichelewa. Akifika mitatu, akiwa haitiki jina lake, hamtazami mtu machoni, anazungusha tairi la kigari saa nzima na kupiga mayowe mashine ya kusaga inapowashwa, maneno hubadilika. Sasa mama anaambiwa kuna mkono wa mtu, au mashetani ya ukoo, au kosa alilolitenda yeye mwenyewe akiwa binti. Hufuata mganga, kisha mkesha wa maombi, kisha duka la dawa, na mwishoni, nauli ikipatikana, hospitali ya rufaa, ambako daktari mwenye foleni ndefu anamtajia jina la hali ya mtoto kwa dakika chache na kumwandikia tarehe ya kurudi. Wakati huo baba mara nyingi ameshajiweka kando. Hatua ambayo ingeifupisha safari hii kuliko nyingine yoyote haimo kabisa: kukutana na mzazi aliyekwishaipita. Ndiyo maana nashikilia kwamba kikundi cha wazazi kianzishwe kwanza, kabla ya kliniki, kabla ya kitengo maalumu shuleni, kabla ya mfadhili, kwa sababu ndicho chenye uwezo wa kuvileta hivyo vingine vyote.

Tuanze na idadi, maana upweke wa wazazi hawa umejengwa juu ya dhana isiyo ya kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya watu 127 hivi alikuwa na usonji. Huo ni wastani wa dunia, na nchi za Afrika zilizofanya hesabu zake zenyewe ni chache. Lakini hata tukiukata nusu, kata yenye wakazi 20,000 ingekuwa na zaidi ya watu 70 wenye usonji, wadogo kwa wakubwa. Hao ni mbali na watoto wasioweza kutulia wala kushika umakini, wenye shida mahususi ya kusoma iitwayo disleksia, na wanaochelewa hatua za ukuaji kwa sababu nyingine. Kila mzazi anajiona yuko peke yake kwa sababu na wenzake nao wamefunga mlango. Mtoto hapelekwi msibani, hapelekwi harusini, hachezi barazani. Akija mgeni anafichwa chumba cha uani. Wazazi wawili wanaweza kukaa mitaa inayopakana kwa miaka kumi, kila mmoja akidhani mtihani huu amepewa yeye pekee.

Mwaka 2012 Joel Ambikile na Anne Outwater walichapisha utafiti kuhusu walezi waliokuwa wakiwaleta watoto wao kwenye kliniki ya wagonjwa wa nje ya afya ya akili katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Walezi hao walieleza huzuni na msongo, hofu ya kesho ya mtoto, unyanyapaa, kukosa wa kuwapokea mzigo wa kulea, huduma za kijamii zisizotosha, umaskini, na shughuli za kipato zilizovurugika kwa sababu mtoto hawezi kuachwa. Ukiipitia orodha hiyo kwa makini utaona kwamba ni machache sana ndani yake yanayotibika kwa kidonge au kwa mashauriano ya robo saa. Mengi yanahitaji watu, tena watu walio jirani, wanaopatikana Jumanne jioni mtoto anapogonga kichwa ukutani na mama hajui afanye nini. Daktari bingwa wa afya ya akili ya watoto, hata kama kila mkoa ungekuwa naye, hawezi kupatikana hivyo. Anahitajika, na tuendelee kumdai. Ila kazi yake ni nyingine.

Historia nayo inathibitisha nguvu ya wazazi waliokusanyika. Leo Kanner alipoandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 aliowaona Marekani, hali hii ilikuwa haijapata jina katika tiba. Katika miaka iliyofuata, madaktari wa huko walikuja na maelezo yaliyomkandamiza mama: kwamba mtoto amejifungia ndani ya nafsi yake kwa kuwa mamaye ni baridi, hakumpenda vya kutosha. Bruno Bettelheim aliyapa maelezo hayo umaarufu mkubwa kwa kitabu chake cha mwaka 1967. Aliyeyapinga mapema kwa nguvu alikuwa baba, Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyefanya kazi na jeshi la majini huko San Diego, ambaye mwanawe alikuwa na usonji. Kitabu chake cha mwaka 1964 kilionyesha kwamba chanzo kiko katika ubongo na maumbile, na mwaka uliofuata yeye na wazazi wenzake wakaunda chama chao cha kitaifa. Uingereza wazazi walikuwa wametangulia: chama chao kilizaliwa London mwaka 1962, na kufikia 1965 kilikuwa na shule yake eneo la Ealing, chini ya mwalimu Sybil Elgar. Miongoni mwa waanzilishi hao alikuwemo Lorna Wing, daktari wa akili na mama wa binti mwenye usonji, ambaye utafiti wake wa baadaye ndio uliowafundisha madaktari kuuona usonji kama hali yenye sura na viwango vingi. Yaani hata elimu tunayoitegemea leo katika hospitali zetu ilipitia mikononi mwa wazazi waliokaa pamoja.

Hukumu iliyotolewa na wale madaktari wa Marekani na ile inayotolewa na mganga wa kienyeji hapa kwetu hazitofautiani sana: mama ndiye chanzo. Joseph Gona na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu wazazi na wataalamu wa pwani ya Kenya, walikuta watu wakiutaja uchawi, mapepo na laana kuwa visababishi vya usonji, sambamba na maelezo ya kitabibu kama matatizo wakati wa kujifungua. Imani hizi haziondoki kwa bango la ukutani wala kwa hotuba ya tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2007 kwa ajili ya uelewa wa usonji. Zinapungua nguvu mama anapoingia chumba kimoja na wenzake kumi na tano: mwalimu wa madrasa, mzee wa kanisa, muuza samaki, mke wa polisi, bibi anayelea mjukuu. Haiwezekani wote hawa wawe walichukiwa na jirani mmoja, wala wote wawe walitenda dhambi ileile. Mama anayekaa peke yake hana cha kujibu akihukumiwa. Akiwa ndani ya kikundi, jibu limekaa mbele ya macho yake, na ataondoka nalo hadi kwa mama mkwe.

Kuna ushahidi pia kwamba ujuzi wenyewe wa kulea unaweza kupita katika mikono ya watu wasio mabingwa. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo kwa walezi wa watoto wenye ucheleweshaji wa ukuaji, yenye vikao 9 vya pamoja na ziara 3 za nyumbani, na yamekusudiwa yaendeshwe na watu wa kawaida waliofunzwa: wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu, hata wazazi wenyewe. Mlezi anafundishwa kumwingia mtoto kupitia mchezo anaoupenda, kulivunja jambo kama kuvaa shati katika hatua ndogondogo, kusoma dalili za hasira kabla haijalipuka, na kujitunza yeye mwenyewe. Huko Kilifi watafiti walifuatilia vikundi vya kusaidiana vya walezi wa watoto wenye ulemavu, vilivyochanganya mafunzo, kutiana moyo na shughuli za kipato, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha faida kwa walezi wenyewe. Kilifi si London. Ni jamii yenye umaskini, barabara na imani zinazofanana na za Pangani au Lindi.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito kuliko yote, ni kwamba wazazi waliokata tamaa wakikusanyika wataambukizana uongo. Linastahili jibu la kweli, kwa sababu limeshatokea. Rimland huyohuyo aliyewavua akina mama lawama, baadaye aliunga mkono madai kwamba chanjo huchangia usonji. Mwaka 1998 Andrew Wakefield alichapisha katika jarida la Lancet makala iliyohusisha chanjo ya surua na usonji. Jarida liliifuta mwaka 2010, lakini tayari mitandao ya wazazi ilikuwa imeisambaza duniani kote, na watoto wengine wakakosa kinga kwa ajili yake. Mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ililazimika kuonya kuhusu kinywaji chenye kemikali ya kupaushia nguo kilichokuwa kikiuzwa kama tiba ya usonji. Mzazi anayeteseka ni mteja rahisi, na wauzaji wanalijua hilo.

Hata hivyo pingamizi hili linadhani kwamba mzazi asiye na kikundi yuko salama. Hayuko. Huyo ndiye anayekutwa nyumbani na muuza virutubisho, ndiye anayeuza mbuzi kulipia kafara, kwa sababu hana wa kumuuliza kama mwenzake alishajaribu na nini kilitokea. Kikundi kinaweza kuwa njia ya uongo au ngao yake, na kinachoamua ni kanuni zilizowekwa siku ya kwanza. Kanuni mbili zinatosha: hakuna biashara ya dawa wala tiba ndani ya kikundi, awe muuzaji ni mwanachama au mgeni, na dai lolote la uponyaji linapelekwa kwanza kwa daktari au muuguzi ambaye kikundi kimemwomba awe mshauri wake, kabla halijasambazwa kwenye kundi la WhatsApp. Jambo la tatu wanachama walikubali mapema, hata kama linauma: usonji hauna dawa ya kuuondoa. Mtoto hujifunza, hukua, wengine huja kusema na kufanya kazi, wengine huhitaji msaada maisha yao yote, na kila mmoja ana haki ya kulelewa kwa jinsi alivyo.

Wengine watasema mama anayeuza maandazi alfajiri na kushinda na mtoto mchana kutwa hana muda wa vikao, na kwamba kukusanya wenye huzuni ni kuzidisha huzuni. Wako sahihi ikiwa kikundi ni mahali pa kukaa kwenye viti na kusimuliana machungu. Kikao cha namna hiyo hakifiki mwezi wa tatu. Kikundi kinachodumu kinampa mzazi kitu ambacho asipokuja atakikosa. La kwanza ni zamu ya watoto: wazazi wawili wanabaki na watoto wanne au watano asubuhi moja kwa wiki, wengine wanakwenda sokoni, kliniki, au wanalala tu. Watu wasiolea mtoto wa aina hii hawajui thamani ya saa tatu za usingizi. Zamu hiyo haiwezi kuachiwa dada wa kazi wala jirani mwema, kwa kuwa wanamwogopa mtoto. Mzazi mwenzake hamwogopi. La pili ni fedha. Wanawake wa Tanzania wanaijua VICOBA na upatu kuliko wanavyojua chombo kingine chochote cha uchumi, kwa hiyo hapana haja ya kubuni. Hisa ndogo kila wiki, mfuko wa jamii wa nauli ya hospitali, sanduku lenye kufuli tatu na watunza funguo watatu tofauti. Mzazi atakuja kwa ajili ya hisa, na akiwa pale atajifunza kumfundisha mwanawe kuonyesha kwa kidole anachokitaka.

Hapo hapo ndipo vikundi hufia, na lazima lisemwe wazi. Fedha ikizidi lengo, kikundi kinageuka cha mikopo na watoto wanasahauliwa. Kiongozi akiwa mmoja miaka yote, kikundi kinakuwa mali yake. Katiba fupi inayobadilisha uongozi kila mwaka, na daftari linalosomwa kwa sauti kila kikao, huzuia mengi. Mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, na wanachama wengi watakuwa wanawake wanaoweza kuulizia fungu lao. Ushauri wangu ni kutoikimbilia mwaka wa kwanza. Kikundi kijifunze kwanza kutunza shilingi zake chenyewe.

Pingamizi jingine linatoka kwa wanaharakati, nami naliheshimu: kwamba wazazi wakijifanyia wenyewe, serikali itakunja mikono. Rekodi inaonyesha kinyume. Huko Pennsylvania, Marekani, sheria iliruhusu shule kumkataa mtoto ambaye akili yake ilihesabiwa kuwa haijafikia ya mtoto wa miaka mitano. Chama cha wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili kikaishtaki serikali ya jimbo mwaka 1971, na makubaliano yaliyopatikana mahakamani yakafungua milango ya shule. Mwaka 1975 nchi nzima ikapata sheria inayomhakikishia kila mtoto mwenye ulemavu elimu ya umma. Mzazi mmoja asingefika huko. Kwetu, sheria zimeshatangulia. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, na ikaandaa Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26. Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha kinafundisha walimu wa elimu maalumu. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama kwenye mkutano wa kijiji, unaotakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, au wa mtaa, na kuuliza: shule yetu ina watoto wangapi waliorudishwa nyumbani, na mwalimu wa elimu maalumu anakuja lini? Mama mmoja akiuliza anaambiwa akaonane na afisa elimu. Wazazi ishirini wakiuliza, swali linaandikwa kwenye muhtasari.

Wala hatuanzii sifuri. Wazazi wa watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi wana chama chao nchini, ASBAHT, na wazazi ndio walioanzisha Autism Society of Kenya mwaka 2003. Vyama vya kitaifa vina kazi yake ya kuongea na wizara. Lakini mama wa Kaliua au wa Micheweni hawezi kupanda basi au meli kwenda kutiwa moyo makao makuu. Anahitaji tawi analolifikia kwa mguu, mtoto akiwa mgongoni.

Kuna sauti moja ambayo wazazi hawapendi kuisikia, nayo ni ya watu wenye usonji wenyewe. Mwaka 1993, huko Toronto, Jim Sinclair, Mmarekani mwenye usonji, aliwaeleza wazazi kwamba huzuni yao ni ya mtoto waliyemtarajia, na kwamba wasimtwishe mtoto aliyepo. Onyo hilo lina uzito. Kikundi kinaweza kugeuka mahali pa kuwasengenya watoto mbele yao, kwa kuwa tu hawasemi, ilhali wengi wao wanaelewa mengi. Kwa hiyo picha na video za mtoto akiwa amelipuka zisirushwe kwenye WhatsApp hata kwa nia njema. Na pindi akipatikana kijana au mtu mzima mwenye usonji katika wilaya, aalikwe, asikilizwe, apewe kiti kwenye kamati. Atawaambia wazazi kwa nini kelele za kengele zinauma, jambo ambalo hakuna daktari awezaye kulieleza kama yeye.

Kuhusu akina baba nitasema machache. Kikao kikifanywa Jumatano asubuhi, watakuja wanawake tu, kisha tutalalamika kwamba wanaume hawajali. Wengine hawajali. Wengine wanaona aibu, hawajui wafanye nini, na hawajawahi kumsikia mwanamume mwenzao akisema hadharani kwamba mwanawe ana usonji na anampenda. Kikao kimoja kila mwezi kiwe Jumapili alasiri, na baba mmoja jasiri aombwe awapitie wenzake mlango kwa mlango.

Kuanza hakuhitaji fedha ya mtu. Wazazi wanne wanatosha, na mahali pa kuwapata panajulikana: benchi la kliniki ya mama na mtoto, mlango wa kitengo maalumu cha shule ya msingi saa ya kuwachukua watoto, chumba cha mazoezi cha hospitali ya wilaya. Wakutane sehemu isiyo nyumba ya mtu, ili asiwepo mwenye kikundi. Waandike majina, wachague siku, wapange zamu ya watoto, na baada ya miezi michache wapeleke katiba yao kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Muuguzi wa kliniki na mwalimu wa kitengo ndio wanaowajua wazazi wote hawa, ingawa hawana ruhusa ya kutaja siri za mtu; wanachoweza kufanya ni kumuuliza kila mzazi kama angependa kufahamishwa kwa mwenzake, na akikubali, kuwapa namba. Ewe muuguzi, mwalimu, mwenyekiti wa mtaa mwenye funguo za ofisi isiyotumika Jumamosi: waulize wazazi hao wiki hii, na Jumamosi saa nne asubuhi uwafungulie mlango.